Umeme Ukikatika, Programu Yako Inafanya Nini?

Kijana anayetaka kuanza biashara ya kununua na kuuza sarafu za nchi mtandaoni (forex) hunijia dukani Darajani na swali lilelile: "Kaka, nishushe MetaTrader 4 au 5?", yaani programu ya kufanyia biashara hiyo. Nami humuuliza: kwenu umeme ukikatika, unabaki na nini? Wengi hucheka. Nami ningecheka, kama lisingenikuta.

Mwaka wangu wa kwanza nilitumia kompyuta ya mezani, nyumbani Kikwajuni. Siku moja nilinunua yuro kwa dola kwenye 1.0850, nikaweka stopu losi, amri ya kunitoa bei ikishuka, kwenye 1.0820, kisha nikawasha trelingi stopu ya pipsi 20 (pipsi moja ni 0.0001 ya bei), ile inayoifuata bei kwa nyuma kila inapopanda. Nikaenda kuswali Alasiri, nikapitia barazani kunywa kahawa. Huku nyuma, bei haijasogea bado, umeme ukaenda zake. Bei ikapanda mpaka 1.0910, ikageuka, ikateremka mpaka 1.0820 ikanitoa. Kwa loti 0.10, kipimo cha ukubwa wa oda ambacho kila pipsi ni dola 1, faida ya dola 40 niliyoitazamia, trelingi initoe 1.0890, ikawa hasara ya dola 30. Nilimlaani dalali, kampuni inayoshika pesa na kupitisha oda zangu, wiki nzima, kumbe hana kosa. Stopu losi ya kawaida hukaa kwenye seva yake, kwa hiyo hata kompyuta yako ikitumbukia baharini, ipo. Trelingi stopu ya MetaTrader huendeshwa na programu iliyo kwenye mashine yako. Mashine ikizima, haisogei tena.

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa giza ni nini. Umeme wetu hupita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka bara, na ulipoharibika mwishoni mwa 2009, Unguja ilikaa bila umeme mpaka Machi 2010. Kwa mwenye oda iliyo wazi, hata saa moja ni nyingi.

Tena, programu si dalali. MetaTrader imetengenezwa na MetaQuotes, toleo la 4 mwaka 2005 na la 5 mwaka 2010, na madalali huikodi tu. Kwa hiyo chati nzuri haikwambii lolote kuhusu atakayeshika pesa zako. Dalali akidai ana leseni ya Uingereza, ingia kwenye rejista ya FCA, msimamizi wa masoko ya fedha huko, umtafute mwenyewe, usitosheke na picha ya cheti uliyotumiwa WhatsApp.

Kati ya 4 na 5, anayeanza leo achukue 5. Ina vipimo vya muda 21 kwenye chati (dakika moja, saa moja, siku moja na kadhalika), mwenzake ana 9, ingawa sijaona mgeni anayehitaji zaidi ya vitatu. Kinachowafunga watu kwenye 4 ni roboti zao za zamani, programu ndogo zinazonunua na kuuza zenyewe, maana zilizoandikwa kwa ajili ya 4 haziendi kwenye 5. Wewe huna roboti, na ukiuziwa moja na mtu uliyekutana naye Telegram, bora pesa hiyo ukale urojo Forodhani. Simu haiendeshi roboti hata hivyo.

Simu yenyewe uwe nayo, yenye bando la mtandao tofauti na ule wa nyumbani, ili mmoja ukifa uingie kwa mwingine. Lakini usiitegemee peke yake. Septemba 2022 Apple iliziondoa MetaTrader zote mbili kwenye duka lake la programu, zikarudi Machi 2023. Aliyenunua iPhone mpya katikati ya miezi ile alihangaika.

Swapu, riba ya kulaza oda usiku, isome kabla hujaweka hata senti. Madalali wengi wana akaunti isiyo na swapu kwa ajili ya Waislamu, ila baadhi yao huirudisha kwa jina la ada ya huduma. Hukumu yake kaulize kwa shekhe wako, mimi muuza simu.

Akaunti ina nywila mbili pia. Ile ya mwekezaji humruhusu mtu kutazama akaunti tu. Ile kuu hununua na kuuza. "Mwalimu" akikuomba ya kuu akufanyie kazi, mwambie umeisahau.

Sasa fungua demo, akaunti ya majaribio yenye pesa za bandia. Ngoja Ijumaa ambayo Marekani hutangaza takwimu za ajira, mara nyingi ya kwanza ya mwezi: saa 9 na nusu alasiri kwetu, au 10 na nusu wakiwa kwenye majira ya baridi. Weka oda mbili, moja yenye stopu losi ya kawaida na moja yenye trelingi peke yake. Dakika moja kabla ya tangazo chomoa ruta ukutani, uchukue simu, uingie akaunti ileile kwa bando, utazame ipi bado inalindwa na spredi, tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, imepanuka kiasi gani.