Barua kwa mwanangu: kihamba nilichokiachia

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, na watoto tunawabariki.

Barua yako imefika, na swali lako umeliuliza bila kuzunguka: kama wito ulikuwa wa kweli, kwa nini sikuweka mlinzi Machame, nikaenda Sonjo kuhubiri, kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, kikabaki chetu? Unasema kila Krismasi wenzako wakipanda Moshi, wewe unalala kwa kaka yako, mtoto wa baba mkubwa, kama mgeni. Tena hujui mtatuzika wapi.

Kihamba hakifungwi kwa kufuli. Migomba isipopata samadi na kupunguzwa machipukizi, baada ya miaka michache ni kichaka, na kahawa iliyo chini yake inakwisha. Mfongo, mfereji ule wa maji unaopita nyuma ya jiko, una siku zake za kuzibuliwa, na kila nyumba hutoa mtu. Mimi ni kitindamimba; kwa mila, nyumba ya babu yako iliniangukia mimi pamoja na makaburi yake. Ndiyo maana nilimwachia mtu wa ukoo, anayelala pale na kulea watoto wake pale. Mlinzi angelinda mabati tu.

Lakini sababu kubwa niliikuta Digodigo, huku Sonjo, mwaka ule niliotangulia peke yangu. Wasonjo nao wanaishi kwa mifereji kama sisi, na maji yako mikononi mwa wazee wanaoitwa wenamiji. Nilidhani tutaelewana upesi. Walinikarimu sana, ila zamu ya maji hawakunipa. Mzee mmoja akaniambia waziwazi: "Wewe mwalimu una shamba kwenu. Jua likiwa kali utapanda lori." Nikakosa la kusema, maana kila mvua ilipochelewa nilikuwa nikiwaza Machame. Namwambia mtu aache matambiko ya mababu zake amfuate Kristo, huku mimi nimeacha mguu mmoja kwa mababu zangu? Nikarudi mlimani, nikauita ukoo, nikaandika kwamba kihamba nimekiachia. Niliporejea na familia nilipewa zamu. Ya usiku, ya mwisho kabisa, lakini zamu.

Aliyeumia zaidi ni mama yako. Mimi nilikuwa na nyimbo na maombi ya kuagwa usharikani; yeye alikuwa na migomba anayoijua mmoja mmoja. Alichimba machipukizi ya mshare, akayafunga kwenye gunia bichi, na njia nzima kutoka Mto wa Mbu, Engaruka, hadi chini ya Ol Doinyo Lengai, akawa anayanyunyizia maji yetu ya kunywa. Wewe ulilia kiu. Mgomba mmoja ulishika. Mtori wa ndizi zake haufanani na wa nyumbani hata kidogo, ingawa mbele ya mama yako huwa naomba niongezewe.

Watu wakitaka kunisifu hunisomea Mwanzo 12, "Toka wewe katika nchi yako", kisha wanafunga Biblia. Wangefika sura ya 23. Sara alipofariki, Ibrahimu hakumrudisha kwao. Alinunua shamba la Makpela kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, watu wa mji wakishuhudia. Na Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda aliyefika Mboga, Kongo, mwaka 1896, alipokaribia kufa mwaka 1933 aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kinyume cha desturi ya kwao. Basi la kuzikwa nimeshazungumza na wazee wa kanisa hapa. Mama yako amekubali, baada ya kwenda mwenyewe kuukagua udongo.

Sisemi kila aliyeitwa aachie kihamba. Wapo wainjilisti wenzangu waliobaki na vyao na kazi yao ikazaa kuliko yangu. Mimi nilijibu nililoulizwa, na aliyeniuliza alikuwa yule mzee.

Kuhusu huyo wakili anayekwambia unaweza kukidai kwenye baraza la ardhi: karatasi iko kwa baba yako mkubwa, ina sahihi yangu na dole gumba la bibi yako. Nikiitwa, nitasema sahihi ni yangu na sikulazimishwa. Kaka yako msimsumbue. Ukitaka kiwanja mlimani, nunua, nami nitachangia kutoka kwenye pensheni hii ndogo.

Baba yako