Shangazi, kila nikitoka supamaketi nafika nyumbani bila chumvi

*Shikamoo Shangazi. Ninaishi Donholm na mume wangu na watoto watatu. Kila mshahara ukiingia napitia supamaketi nikitoka kazini, na kila mara nikifika nyumbani kuna kitu nimesahau. Mwezi huu ni chumvi na sabuni ya kufulia. Kadi ya pointi niliiacha kwenye droo, na ofa ya mafuta ya kupikia niliikumbuka nikiwa tayari kwenye matatu. Mume wangu ananiita kichwa maji, eti natupa pesa. Je, huu ni ugonjwa?*

Marahaba, mwanangu. Anayesahau njia ya kurudi kwake, au anayelipa kodi ya nyumba mara mbili kwa mwezi, huyo ningemwambia amwone daktari. Wewe umesahau chumvi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba akili hushika vitu kama saba hivi kwa mpigo, na watafiti waliomfuata wakashusha hadi vinne hivi. Sasa wewe unaingia dukani saa kumi na mbili jioni, umechoka, mtoto anapiga simu kuuliza ufunguo uko wapi, na kichwani una vitu ishirini! Hata mimi niliwahi kudamkia Marikiti kutafuta vitunguu nikarudi na mananasi manne, kitunguu hata cha dawa hakuna.

Ila kuhusu pesa, unalilia mahali sipo. Pointi ni senti. Zikipotea, acha zipotee. Kinachokumaliza ni safari ya pili. Kesho yake unapanda boda kufuata chumvi, unafika, unaona biskuti, unaona vikombe vya maua, unatoka umejaza mfuko. Na mfuko wenyewe umeununua tena, maana tangu juala, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku hapa Kenya Agosti 2017, asiyebeba wake hulipia. Nina hakika chini ya sinki yako imerundikana si chini ya kumi. Inuka sasa hivi ukunje miwili uitie kwenye mkoba wa kazi, kisha urudi tuendelee.

Chumvi iliyosahaulika ifuate kwenye kioski cha hapo langoni. Utazidishiwa shilingi chache, lakini hutaona vikombe.

Orodha nayo usiiandike siku ya kwenda. Siku hiyo utaandika unayoyakumbuka, na shida yako ni yale usiyoyakumbuka. Bandika karatasi kwenye mlango wa kabati la jikoni, kalamu uifunge kwa uzi la sivyo watoto wataondoka nayo. Anayeona kitu kinakaribia kuisha anakiandika papo hapo, awe wewe, awe dada wa kazi, awe kifungua mimba wako. Asubuhi ya mshahara unaipiga picha kwa simu, na jioni hufiki kaunta kabla ya kuipitia mara moja.

Ofa ya mafuta? Kama mtungi wako ulikuwa bado nusu, hukupoteza kitu. Vibandiko vyekundu visikutie kiwewe: gawanya bei kwa kilo au kwa lita uone. Nimeshaona pakiti mbili za kilo moja, zimefungwa pamoja kwa utepe wa ofa, zikiwa ghali kuliko pakiti moja ya kilo mbili kwenye rafu ileile. Risiti pia isome kabla hujaufikia mlango, kwani bei ya rafu na ya kaunta wakati mwingine hazielewani.

Amebaki baba watoto. Usibishane naye. Mwisho wa mwezi ukifika, mpe pesa zilezile na umtume yeye, aende akitoka kazini, jioni, amechoka vivyo hivyo. Na tafadhali, mwanangu, usimkumbushe mfuko.