Shangazi, kitabu na filamu vitanifundisha kuandika kwa kalamu bapa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ni karani wa ghala hapa Morogoro. Siku hizi natazama sana kazi za wasanii wasiopitia shule yoyote ya sanaa, hasa yule mzee wa Kodivaa aliyebuni herufi zake mwenyewe. Zimenitia hamu ya kujifunza kuandika kwa kalamu bapa, ile yenye ncha pana. Mwalimu sina, nina kitabu kimoja na filamu za kwenye simu. Vinatosha? Na nikishika kanuni za kitabu, mkono wangu hautafungika?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee huyo ni Frédéric Bruly Bouabré, naye pia alikuwa karani, enzi za Wafaransa. Alibuni alama zaidi ya 400, kila moja na silabi yake, ili Kibété, lugha ya kwao, kiandikike. Wenye makumbusho huwaita watu kama yeye "wasanii wa nje". Jina hilo linaniudhi. Nje ya nini, na mwenzetu alikaa katikati kabisa ya lugha yake?

Hebu vikuze kwenye simu vikadi alivyovichora. Picha iko katikati, imetiwa rangi kwa penseli, na maneno ya Kifaransa yanazunguka kingo zake kwa kalamu ya kawaida ya wino. Geuza kichwa uyafuate. Kadi baada ya kadi, miaka nenda miaka rudi, mpango ni uleule. Kanuni aliiweka mwenyewe, akaishika barabara. Umeuona mkono wake umefungika mahali?

Kitabu kinatosha kwa vipimo. Edward Johnston wa Uingereza aliacha masomo ya udaktari, akajifunza mwandiko kwa kuchungulia miswada ya kale pale British Museum. Kitabu chake cha mwaka 1906 kingali kinasomwa. Mwandiko wake wa msingi kipimo chake ni hiki: ncha ilazwe nyuzi 30 kutoka mstari wa kuandikia, na urefu wa mwili wa herufi ndogo uwe kama upana wa ncha mara nne.

Ila kitabu hakionyeshi mwendo. Mimi nilianza na khati za Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi, na mwaka mzima alifu zangu zilitetemeka ingawa nukta za kupimia urefu wa herufi nilizihesabu sawasawa. Siku moja nikaona filamu ya khatati mzee, yaani fundi wa khati. Karatasi aliiweka gotini, si mezani. Akavuta pumzi, akaizuia, akaishusha alifu yote kwa mkono mzima, ndipo akapumua. Nilikirudia kipande kile usiku kucha, machozi yananilenga. Kumbe muda wote huo nilikuwa naisukuma kalamu kwa vidole.

Basi filamu itazame bila sauti, macho kwenye kiwiko, wino uuache. Herufi moja, simamisha, andika, rudia. Wiki nzima kwa herufi moja si nyingi.

Kalamu usinunue bado. Chukua penseli mbili zilizochongwa vizuri, zifunge pamoja kwa mpira wa kufungia noti, ncha zilingane. Chora o. Utaona mistari miwili ikikaribiana na kuachana: inapokutana, hapo kalamu bapa ingetoa wembamba, inapoachana, hapo ndipo unene. Karatasi zisikusumbue, mgongo wa fomu za ghala zilizokwisha kazi unafaa. Muombe tu mkubwa wako kwanza.