"Ameshinda jimbo, amepoteza jimbo": sentensi moja ya uchaguzi wa India na makosa yake

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtangazaji chipukizi katika redio ya jamii mkoani Tanga, nasoma habari za kimataifa. Nikiandaa kipindi kuhusu chaguzi za India nimekutana na sentensi hii ya Mei 2021: "Mamata Banerjee ameshinda jimbo la Bengal Magharibi lakini amepoteza jimbo la Nandigram kwa vyama pinzani, hata hivyo ataendelea kuwa Waziri Mkuu." Nimeisoma mara tatu na bado sijaielewa. Mwenzangu aliyekulia Mombasa anasema kosa ni kuandika "jimbo" badala ya "eneo bunge". Je, ni kweli? Na ile kaulimbiu ya chama cha Mamata ya "Khela hobe", niiseme vipi hewani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe umepata nafasi ya kuisoma mara tatu. Msikilizaji wako angeisikia mara moja tu, ikampita.

Kwanza tuelewe kilichotokea, maana huwezi kunyoosha sentensi ambayo hujui inasimulia nini. Bengal Magharibi ni mojawapo ya majimbo yanayounda India. Bunge lake, Vidhan Sabha, lina viti 294. Mwaka 2021 kura zilipigwa kuanzia 27 Machi hadi 29 Aprili, na matokeo yakatangazwa 2 Mei. Waliochuana hasa ni Trinamool Congress cha Mamata Banerjee, kilichokuwa kinaliongoza jimbo hilo tangu 2011 kilipouondoa muungano wa mrengo wa kushoto uliokaa madarakani miaka 34, na Bharatiya Janata Party, yaani BJP, chama cha Narendra Modi, Waziri Mkuu wa India. Trinamool walipata viti 213. BJP, waliokuwa na viti 3 tu mwaka 2016, wakapata 77. Wakomunisti na chama kikongwe cha Congress, ambacho si Trinamool, hawakuambulia hata kimoja. Ila Mamata mwenyewe, aliyeacha kiti chake cha Bhabanipur mjini Kolkata, makao makuu ya jimbo, akaenda kugombea Nandigram, aliangushwa huko kwa kura 1,956 na Suvendu Adhikari, mtu aliyekuwa waziri wake kabla ya kuhamia BJP Desemba 2020.

Kwa hiyo chama kimeshinda, kiongozi wake kaanguka. Mwandishi wa sentensi yako alilijua hilo. Kilichomwangusha ni neno jimbo.

Neno hili lina kazi nyingi kuliko tunavyokumbuka. Tanganyika ya mkoloni iligawanywa majimbo: Jimbo la Kati, Jimbo la Ziwa, Jimbo la Kusini, baada ya uhuru tukapata mikoa. Kenya ilianza uhuru wake mwaka 1963 kwa katiba ya majimbo, kila jimbo na baraza lake, na hadi leo ukitamka "majimbo" mbele ya mzee wa Kikenya unafufua ubishi wa wakati ule. Ndugu zetu wa Kongo wana majimbo yao. Wakatoliki wana jimbo la askofu. Redioni tunasema jimbo la California, jimbo la Borno. Na sisi Watanzania, juu ya yote hayo, tunalo jimbo la uchaguzi, lile linalotoa mbunge mmoja, na kwa mazoea tunakata maneno mawili ya mwisho tukabaki na "jimbo" tupu: "mbunge amerudi jimboni", "jimbo limegawanywa".

Katika habari za nyumbani ufupisho huo hauna madhara. Ukienda India nao, unazama. Hapo mtu anaweza kuchukua jimbo na kukosa jimbo siku moja, na msikilizaji hana njia ya kujua kwamba la kwanza lina viti 294 ndani yake na la pili ni kimojawapo kati ya hivyo.

Mwenzako wa Mombasa ana haki nusu. "Eneo bunge" ni neno zuri, Wakenya wamelikuza vizuri, na linaondoa utata huu mara moja. Lakini kwa India linaleta utata wa pili. Bengal Magharibi ina viti 42 katika bunge la taifa lililoko Delhi, na kila eneo linalotoa mbunge mmoja wa Delhi limekusanya maeneo saba yanayotoa wajumbe wa bunge la jimbo. Nandigram ni mojawapo ya saba yaliyomo ndani ya Tamluk. Ukisema "eneo bunge la Nandigram", msikilizaji makini atauliza: bunge lipi?

Mimi ningekimbilia neno dogo ambalo sote tunalo, kiti. Chama kimelichukua jimbo, kiongozi amekosa kiti. Hakuna atakayechanganya. Pale ambapo lazima utaje eneo, sema "jimbo la uchaguzi la Nandigram" kwa urefu wake wote, au "eneo la Nandigram" ukishakuwa umetaja kiti. Na aliyechaguliwa humo usimwite "mbunge wa jimbo", maana kwa Mtanzania huyo ni mbunge aliyepigiwa kura na wananchi, tofauti na wa viti maalumu. Mwite "mjumbe wa bunge la jimbo". Ni refu kidogo, lakini limenyooka.

Sasa tazama vitenzi. "Amepoteza jimbo la Nandigram." Mtu hupoteza alichokuwa nacho. Mamata hakuwahi kukikalia kiti cha Nandigram. Alikwenda kukitafuta akakikosa. Kupoteza uchaguzi, kupoteza jimbo, ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili kina kushindwa, kukosa, kuangushwa, kubwagwa, na kila kimoja kina uzito wake: aliyeshindwa kwa kura 1,956 unaweza kusema ameangushwa, lakini "kubwagwa" ningewaachia Wakomunisti waliotoka mikono mitupu. Halafu "amepoteza kwa vyama pinzani". Hiyo "kwa" inatufanya tuulize kama aliwapa kwa hiari. Tunayo kauli ya kutendwa, inafanya kazi yote: ameshindwa na Adhikari. Mtu mmoja, mwenye jina. Hivyo "vyama" vimeingiaje?

Hapo kwenye "vyama pinzani" nataka tukae kidogo, kwa sababu makosa ya namna hii nayaona kila wiki. Siku matokeo yale yalipotangazwa nilikuwa zamu katika chumba cha habari. Kijana mmoja akaniletea taarifa yenye kichwa "Chama tawala chashinda Bengal Magharibi". Nikamuuliza, kinatawala wapi? Akanionyesha picha aliyoiandaa kuambatana na habari. Ilikuwa picha ya Modi. Kijana alijua kwamba BJP ndiyo inayotawala India, akaona "chama tawala" kwenye taarifa ya Kiingereza, akaunganisha. Laiti ukurasa ule ungetoka, tungewaambia wasomaji kinyume kabisa cha kilichotokea, tena kwa maneno ambayo kila moja peke yake ni sahihi.

Katika nchi yenye serikali za ngazi mbili, "tawala" na "upinzani" havisimami vyenyewe. Mwaka ule wa 2021 Trinamool kilitawala Kolkata siku ile ile ambayo kilikuwa chama cha upinzani Delhi. BJP ilikuwa kinyume chake. Adhikari aliyemwangusha Mamata akawa kiongozi wa upinzani katika bunge la jimbo, huku chama chake kikiongoza nchi nzima. Kwa hiyo taja mahali kila mara: chama kinachotawala jimbo, chama kinachotawala Delhi. Na kama nia yako ni kusema tu kwamba vyama viwili vinagombea kitu kimoja, usiseme pinzani. Sema vinavyochuana, vinavyoshindana, washindani wao wakubwa. Wapo wanaopenda "vyama hasimu". Mimi naliogopa neno hilo. Hasimu ni ndugu wa uhasama na uhasimu, ndani yake kuna chuki. Ukiliweka kwenye habari ya kampeni ya kawaida umeshawatangazia wasikilizaji ugomvi kabla haujatokea. Bengal Magharibi damu imewahi kumwagika kwenye siasa. Nandigram yenyewe ilijulikana nchi nzima Machi 2007, polisi walipowaua watu 14 katika mgogoro wa ardhi. Lihifadhi neno zito kwa ajili ya siku nzito.

Tuje kwa "Waziri Mkuu", kosa linaloniuma kuliko mengine, kwa sababu Kiswahili kilishalipatia cheo hicho jina, tena kwa sheria. India ina Waziri Mkuu mmoja, na anakaa Delhi. Anayeongoza serikali ya jimbo ana cheo kingine, na cheo hicho kwa Kiswahili ni Waziri Kiongozi. Sijakitunga mimi. Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi kuanzia 1983 hadi marekebisho ya katiba ya 2010 yaliyoleta Makamu wa Kwanza na wa Pili wa Rais. Maalim Seif Sharif Hamad alikishika cheo hicho miaka ya themanini, Shamsi Vuai Nahodha akawa wa mwisho. Tulikiunda kwa sababu ile ile inayowasumbua wanahabari wetu leo: Waziri Mkuu alikuwapo tayari, wa Muungano, na serikali ya ndani ilihitaji mtu wake mwenye jina lake. Neno lipo, ni letu, limekaa miaka 27 kwenye nyaraka za serikali, na kijana anayeandika "Waziri Mkuu wa jimbo" anaruka kisima kilicho mlangoni kwake. Tafadhali, hewani sema Waziri Kiongozi wa Bengal Magharibi.

Na kwa nini "ataendelea"? Sentensi yako haikueleza, ndiyo maana inashangaza. Katiba ya India inamruhusu mtu asiye mjumbe kushika uwaziri kwa miezi sita, na ndani ya muda huo lazima apate kiti. Mamata aliapishwa 5 Mei, akasimama katika uchaguzi mdogo wa Bhabanipur 30 Septemba, akashinda kwa tofauti ya kura 58,835. Nusu sentensi inatosha kwa hilo.

Jambo dogo kabla ya kaulimbiu: kura zile zilipigwa kwa awamu nane. Usiseme duru nane. Kwetu "duru ya pili" imeshakuwa ni kurudi kupiga kura kwa sababu hakuna aliyefikia nusu. Kule kila mtu alipiga mara moja tu, ila maeneo yalipishana siku.

Basi ningeiandika hivi: "Trinamool Congress kimelitwaa tena jimbo la Bengal Magharibi kwa viti 213, lakini kiongozi wake, Mamata Banerjee, amekosa kiti cha Nandigram baada ya kushindwa na Suvendu Adhikari wa BJP. Ataapishwa kuwa Waziri Kiongozi, na atalazimika kupata kiti kingine ndani ya miezi sita."

Sasa "Khela hobe". Kibengali "khela" ni mchezo, na "hobe" ni kitenzi cha wakati ujao, kitakuwa, kitatokea. Neno kwa neno ni "mchezo utakuwapo". Mamata aliisema kwenye mikutano akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa, baada ya kuumia Nandigram 10 Machi. Mipira ya miguu ikawa sehemu ya mikutano yake. Modi naye akamjibu jukwaani kwamba mchezo utakwisha, maendeleo yaanze. Ukitafsiri kwa maneno ya mbali kama "patashika itakuwapo", unakata uzi kati ya kauli na jibu lake. Lazima mchezo ubaki mchezo.

Tatizo ni kwamba kwetu mchezo una upande wa wepesi: "usilete mchezo", "hii si mchezo". Mtu akisikia "mchezo utakuwapo" anaweza kudhani wanatania. Ndiyo maana napendelea kauli ya kutendwa: "Mchezo utachezwa!" Kitenzi kinaipa kauli miguu. Inasikika kama ahadi, na kidogo kama tishio, na ndivyo ilivyosikika kule. Mshabiki wa mpira akiambiwa hivyo usiku wa kuamkia mechi anaelewa bila kufafanuliwa.

Kwa kuwa utafanya kipindi kizima, nikuongezee mengine ambayo Kiswahili kinayapokea bila jasho. "Didi", jina wanalomwitia Mamata, ni dada mkubwa, na Modi alipoita jukwaani "Didi, o Didi" kwa sauti ya kuvuta, sisi tungeandika "Dada, ee dada", na msomaji angeisikia ile kejeli iliyowaudhi wafuasi wake. Trinamool waliwaita viongozi wa BJP waliotoka nje ya jimbo "bohiragoto". Nimeona wakiitafsiri "wageni". Hapana. Mgeni kwetu anakaribishwa, anapewa maji. Neno lake ni wakuja, kama linavyosemwa pwani na mwenyeji aliyechoka kuamuliwa mambo yake na watu waliofika juzi. Na kinyume chake, pale chama kilipotangaza kwamba Bengal inamtaka binti yake mwenyewe, sema "mtoto wa nyumbani".

Hata jina la chama linatafsirika. "Trina" ni nyasi, "mul" ni mzizi. Wenzetu wa Kenya kila siku wanasema "kurudi mashinani", na Tanzania chama kina mabalozi wa mashina. Ukiwaambia wasikilizaji kwamba Trinamool maana yake ni ya mashinani, watajua chama hicho kilitaka kuonekana ni cha nani. Nembo yake ni maua mawili kwenye nyasi. Ya BJP ni ua liotalo majini. Yungiyungi ndilo neno la karibu, na mtu wa Tanga anayelijua ua hilo huna haja ya kumwambia "lotasi".