Chewa na kisamaki kinachoingia kinywani mwake

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi natembeza wageni baharini, Nungwi. Kuna jiwe moja chewa hutulia mdomo wazi, kisamaki chembamba chenye mstari mweusi kinaingia na kutoka. Mbona hakimezi? Na kwa nini pono pale pale hushtuka ghafla akakifukuza?

JIBU: Marahaba. Umeangalia vizuri sana, maana hilo la pili ndilo linalofungua la kwanza.

Kisamaki hicho ni msafishaji, kitaalamu Labroides dimidiatus. Huwaondolea samaki wenzake vimelea vya ngozini, mashavuni, hata kinywani. Alexandra Grutter, aliyewachunguza kisiwa cha Lizard, Australia, alikuta mmoja anakula vimelea kama 1,200 kwa siku. Chewa akimmeza amepata tonge moja, na kesho hana wa kumhudumia.

Ila msafishaji naye ana tamaa. Anachokipenda zaidi ya vimelea ni ute unaofunika ngozi ya samaki. Akiudokoa, mteja anaumia: ndio mshtuko uliouona kwa pono. Pono atamfukuza, na wateja wengine huhamia jiwe jingine. Kwa chewa, mwenye uwezo wa kummeza, hathubutu kudokoa ovyo. Na mwaka 2006 Grutter na Redouan Bshary walionyesha kwamba msafishaji hujizuia zaidi mteja mwingine akiwa anamtazama. Mimi hili hunistaajabisha kila nikilifikiria: samaki wa urefu wa kidole anayelinda sifa yake!

Siku nyingine litazame jiwe hilo kwa utulivu, ukiwa mbali kidogo. Msafishaji mkubwa kuliko wote ndiye dume, na majike kadhaa wako chini yake. Wakimsafisha mteja wawili, jike akadokoa na mteja akakimbia, dume humkimbiza jike kumwadhibu. Dume akifa, jike mkubwa huanza mwenendo wa kidume ndani ya saa chache tu, na baada ya wiki mbili au tatu anatoa mbegu za kiume.

Usimchanganye msafishaji na samaki mwingine, Aspidontus taeniatus, mwenye rangi zile zile. Tazama mdomo: wa msafishaji uko nchani kabisa, wa huyu umerudi chini ya pua. Huyu hasafishi, humega mapezi.

Wageni wako wasilisogelee jiwe hilo, na mtu akija kutaka msafishaji wa kuweka kwenye tangi la kioo, mkatalie. Kule Lizard, miamba iliyoondolewa wasafishaji kwa zaidi ya miaka 8 ilibaki na samaki wachache, na aina pungufu.