Faini ya 3,000 haimtishi mtu

Mhariri, juma hili mmetuuliza kama adhabu za kuwatesa mbwa na paka ziongezwe. Ziongezwe, tena upesi.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ni ya mwaka 1962. Kwa kosa la ukatili inataja faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Enzi za uhuru, kibarua angefanya kazi miezi mingi kupata kiasi hicho. Leo kuna anayekimaliza Jumamosi moja kwa nyama choma. Anayeiba mbuzi, kwa upande mwingine, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mbuzi ni mali ya mtu, naelewa, lakini maumivu ya mbwa nayo yamewekwa kwenye kipimo gani?

Mtaani kwetu mbwa jike mwenye watoto alimwagiwa maji moto kwa kuchakura taka. Ngozi ilimbambuka na manyoya yake, kutoka shingoni hadi karibu na mkia, na bado alirudi kunyonyesha chini ya kibanda cha makaa. Mama mwenye kibanda akaenda kuripoti. Akaulizwa kama mbwa ni wake. Aliposema ni wa mtaani, hakupewa hata nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Nani atawatafuta mashahidi na kumwita daktari wa mifugo kortini kwa kesi ya 3,000? Adhabu hafifu huiua kesi mapema, pale kwenye meza ya polisi.

Wapo wanaosema mbwa wa mtaani wanaleta kichaa cha mbwa. Ni kweli ugonjwa huo unaua, nami nina watoto. Kinachouzuia ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na mbwa aliyezoea mawe hamkaribii hata mwenye sindano.

England na Wales nazo zilikuwa na kifungo cha miezi 6. Mwaka 2021 zikakipandisha hadi miaka 5. Kwetu naomba faini inayouma, gharama za matibabu alipe mtesaji mwenyewe, na mahakama imzuie kufuga tena. Wabunge waanze na hiyo 3,000, kwani kuibadilisha hakuhitaji zaidi ya mswada wa ukurasa mmoja.