Kikomo kipya cha pombe kwa madereva Uingereza: piga hesabu ya asubuhi

Mleta uzi anauliza kama serikali ya Uingereza ikishusha kikomo, mtu bado ataweza kunywa bia moja na kuendesha. Swali hilo linaangalia usiku, wakati wapo watakaonaswa asubuhi yake.

Kwa sasa England na Wales kikomo ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, au maikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi. Mkakati wa serikali wa usalama barabarani wa Januari 2026 umependekeza 50 kwenye damu, yaani 22 kwenye pumzi, na madereva wapya wabanwe zaidi.

Yuniti moja ni mililita 10 za pombe tupu. Painti (mililita 568) ya bia ya asilimia 5 ina yuniti 2.8. Ini huondoa takriban yuniti moja kwa saa. Kahawa, supu wala maji baridi haviliharakishi. Chukua mwanaume wa kilo 75: kaanza saa mbili usiku, kamaliza painti tano saa tano. Saa moja asubuhi bado ana yuniti kama 3, sawa na 50 hivi kwenye damu. Leo anapita. Kikomo kikishuka yuko ukingoni, na mwenye mwili mdogo kuliko yeye atakuwa ameshavuka.

Ukisimamishwa, kile kipimo cha barabarani ni cha kuchuja tu. Ushahidi ni mashine ya kituoni: unapuliza mara mbili, inahesabiwa namba ndogo. Usikatae kupuliza. Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa lenyewe, na kama ulikuwa unaendesha, leseni inafungiwa angalau miezi 12, sawasawa na aliyezidisha. Zamani aliyesoma 50 au chini kwenye pumzi aliweza kudai apimwe damu au mkojo, pombe ikazidi kushuka huku daktari akisubiriwa. Mlango huo ulifungwa Aprili 2015.

Naunga mkono kushusha, ila namba peke yake haitoshi. Scotland wako kwenye 50 ya damu tangu Desemba 2014, na utafiti uliotoka kwenye jarida la The Lancet haukuona ajali zikipungua. Dereva asiyetarajia kupimwa habadiliki. Ndiyo maana pendekezo la mkakati huo ninalolipa uzito zaidi ni kuwafungia waliowahi kukutwa na hatia kifaa kwenye gari: injini haiwaki mpaka apulize na isome safi.